Maneno Yafike: Ikwalaiza na Oksi Penye Jenereta Dogo

Chole ni kisiwa cha kutembea kwa miguu. Kimekaa ndani ya ghuba yenye jina lake, baina ya Mafia kuu na Juani, na mtu akitoka Utende huvuka kwa mashua. Gari hakuna. Spika, miksa, nyaya, vipaza sauti, jenereta na dumu la petroli vyote hupakiwa chomboni, hushushwa ufukweni na kubebwa hadi palipo na maulidi, harusi au mkutano wa kijiji. Mzigo wa namna hiyo una mpaka wake. Hakuna anayevusha spika za uwanja wa mpira kwa ajili ya kisomo cha usiku mmoja. Ndiyo maana Chole inafaa kuwa mfano wa jambo linalozihusu shughuli nyingi za pwani yetu. Watu wakilalamika kwamba sauti haitoshi, jibu la haraka ni kuongeza: spika nyingine, amplifaya kubwa zaidi, feda, yaani kitelezi cha sauti, ipande juu. Naamini jibu hilo hukosea mara nyingi kuliko linavyopatia. Kinachokosekana kwa kawaida ni mpangilio, na mpangilio uko kwenye safu ya nobu ndogo za katikati ya miksa, za ikwalaiza na za oksi, ambazo ama huachwa zimesimama wima tangu miksa itoke dukani, ama huzungushwa zote kulia kwa matumaini.

Tuanze na hesabu, kwa kuwa ndiyo inayowapotosha wengi. Nguvu ya amplifaya ikiongezwa maradufu, sauti hupanda desibeli 3 tu, tofauti ambayo msikilizaji huitambua lakini haimshtui. Ili sikio lihisi kwamba sauti imekuwa kubwa mara mbili, zinatakiwa desibeli 10 hivi, yaani nguvu mara 10. Mwenye mtambo wa wati 300 angehitaji wa wati 3,000, na jenereta la kuuendesha, na petroli ya jenereta hilo, yote ikivushwa kwa chombo. Kisha kuna umbali. Mahali pa wazi pasipo kuta, kila umbali unapoongezeka maradufu, sauti ya spika hushuka desibeli 6 hivi. Aliyekaa mita 40 kutoka kwenye spika anapata desibeli 12 pungufu ya aliyekaa mita 10. Ukitaka kumridhisha wa nyuma kwa kupandisha sauti peke yake, utakuwa umekwisha kuwaumiza wazee waliokaa mbele. Huo ni utaratibu wa maumbile, wala fundi hana la kulaumiwa hapo. Lawama yake inaanza pale anapong'ang'ania njia hiyo hiyo.

Swali linalofaa ni hili: katika sauti yote inayotoka spikani, ni sehemu ipi inayombebea msikilizaji maneno? Sikio zima la kijana husikia mitetemo kuanzia hezi 20 hivi hadi karibu 20,000. Sehemu kubwa ya nguvu ya sauti ya binadamu iko chini ya hezi 1,000, zilipo irabu na uzito wa kifua. Sehemu kubwa ya kueleweka kwake iko juu ya hapo, zilipo konsonanti. Simu ni ushahidi ambao kila mtu anao mfukoni. Kwa miongo mingi mitandao ya simu ilipitisha sauti kati ya hezi 300 na 3,400 tu, ikakata kila kilicho chini na kila kilicho juu, na bado watu walipeana habari za misiba, madeni na posa wakaelewana. Utamu wa sauti waliukosa, maana waliipata. Kiswahili kinalidhihirisha jambo hili vizuri, kwa sababu silabi zetu nyingi huishia kwa irabu, na irabu ndizo zenye nguvu: fua, vua, tua, jua na pua hutenganishwa na konsonanti moja nyembamba ya mwanzo, na hiyo ikizama, aliye mita 40 hajui kama ameambiwa afue au avue. Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson walichapisha huko Marekani vipimo vilivyoonyesha kwamba sikio halisikii mitetemo yote kwa usawa. Ni jepesi zaidi kati ya hezi 2,000 na 5,000 hivi, na ni zito kwenye besi, hasa sauti ikiwa ndogo. Kwa hiyo besi hudai nguvu nyingi ili isikike, ilhali konsonanti hudai kidogo. Kwa mwenye jenereta dogo, hiyo ni habari njema.

Ikwalaiza ndiyo inayompa fundi uwezo wa kuchagua. Asili yake ni nyaya ndefu za simu, ambazo zilipoteza mitetemo ya juu njiani, ikabidi irudishwe hadi ilingane na ya chini. Mwaka 1952 Mwingereza Peter Baxandall alichapisha mchoro wa saketi rahisi ya kurekebisha besi na trebo, na wazo lake likaenea katika vyombo vya sauti duniani kote. Kwenye miksa ndogo za siku hizi, zile za kubebwa kwapani, kila chaneli kwa kawaida ina nobu tatu: ya chini inayoshika kwenye hezi 80 au 100, ya kati yenye kitovu karibu na 2,500, na ya juu kwenye 12,000 au jirani yake. Nyingi huweza kupandisha au kushusha hadi desibeli 15. Tarakimu hiyo iangaliwe kwa makini, kwa sababu desibeli 15 ni zaidi ya mara 30 za nguvu. Anayezungusha nobu ya chini hadi mwisho wa kulia kwenye chaneli ya msomaji anaidai amplifaya nguvu mara 30 mahali ambapo hakuna hata konsonanti moja. Amplifaya ikifika ukomo wake, vilele vya mawimbi hukatwa, sauti hukwaruza, na maneno hupotea pamoja na hiyo besi iliyotafutwa. Anayeirudisha nobu hiyo kushoto hupata kinyume chake: nguvu inabaki kwa ajili ya maneno, na feda inaweza kupanda kidogo bila mtambo kulia. Ndiyo sababu mafundi wazoefu hukata kwanza, kisha wakiongeza, huongeza kidogo.

Hebu tuitazame chaneli moja kwa karibu. Msomaji wa kaswida ameketi mkekani, dufu zinapigwa ubavuni mwake, upepo wa kusi unaingia kutoka ghubani. Kabla ya ikwalaiza kuna geini, nobu ya juu kabisa, inayoamua kipaza sauti kiingie miksani kwa nguvu kiasi gani. Ikiwa imezidi, sauti imekwisha kuharibika mlangoni na hakuna nobu ya chini yake itakayoitengeneza. Geini ikikaa sawa, kibonyezwe kile kitufe kidogo cha kukata besi, ambacho kwenye miksa nyingi huondoa mitetemo iliyo chini ya hezi 80 au 100. Sauti ya mwanamume mzima huanzia karibu hezi 85 na kupanda, ya mwanamke juu zaidi, kwa hiyo msomaji hapotezi kitu cha maana. Kinachoondoka ni mvumo wa upepo, vishindo vya miguu vinavyopanda kwenye stendi, na ngurumo ya jenereta lililowekwa karibu mno. Kisha kuna hili ambalo wengi hawalijui: kipaza sauti cha kawaida cha jukwaani, chenye kusikia zaidi upande wa mbele, huvimbisha besi kadiri mdomo unavyokikaribia. Msomaji anayekigusa kwa midomo tayari ameongezewa besi na kipaza sauti chenyewe, wala hahitaji nyingine kutoka kwa fundi. Nobu ya chini ishushwe desibeli 3 hadi 6, isikilizwe kutoka nyuma ya umati na siyo kutoka mezani, na mara nyingi kazi itakuwa imekaribia kuisha. Kama maneno bado yamefunikwa, nobu ya kati ipandishwe desibeli 2 au 3. Ikipita hapo, sauti huanza kuchoma masikio, na mluzi unakaribia.

Mluzi nao una sababu zake. Kipaza sauti kinasikia spika, miksa inaipandisha sauti hiyo, spika inaitoa tena, mzunguko unajirudia, na mtetemo mmoja unaopita kwa urahisi kuliko mingine hujikuza hadi uwanja mzima unaziba masikio. Mkono wa kwanza hukimbilia feda, na kwa sekunde ile ni sawa. Lakini kushusha feda kunawashusha msomaji na mluzi pamoja, ilhali kosa ni la mtetemo mmoja. Kwenye miksa ambayo nobu ya kati inaweza kuhamishwa kutoka mtetemo hadi mtetemo, fundi humtafuta mkosaji mapema, uwanja ukiwa bado mtupu: hupandisha kipaza sauti polepole hadi kianze kuimba chenyewe kwa mbali, huhamisha nobu hadi aupate mtetemo huo, kisha huushusha huo tu. Chaneli inapata nafasi ya kupanda desibeli kadhaa, bila kununua wati hata moja.

Upinzani wa kwanza ni wa wapenda besi, na hoja yao ni nzito. Singeli bila besi si singeli. Taarabu ya kisasa yenye kinanda na gitaa la besi hutembea juu ya mitetemo hiyo hiyo ninayosema ikatwe, na anayekuja harusini kucheza hakuja kusikiliza hotuba. Nakubali yote. Ila miksa ina chaneli nyingi kwa sababu maalumu. Besi iachwe mahali ilipo na kazi, kwenye chaneli ya kinanda, ya gitaa la besi au ya simu inayopiga muziki, na iondolewe kwenye kila kipaza sauti cha mtu. Vipaza sauti vinne vilivyofunguliwa bila kukata besi vinaokota upepo mara nne na kishindo cha spika mara nne, kwa nyakati zinazopishana kidogo, na kinachopatikana ni mvumo mzito usio na mdundo. Vikikatwa, besi ya muziki hubaki peke yake na kusikika imara zaidi. Mpenda besi ana faida katika ukataji huu kama alivyo nayo mpenda maneno. Tena mitetemo ya chini husafiri mbali, hewa haiinyonyi kama inavyoinyonya ya juu, na usiku juu ya maji sauti hufika mbali zaidi. Jirani aliye kisiwa cha pili hupata vishindo na hapati neno.

Upinzani wa pili hutoka kwa wanaokumbuka zamani. Mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad alirekodiwa Bombay mwaka 1928, na wala hapakuwa na nobu hizi. Mbona maneno yake yalifika? Yalifika, na jinsi yalivyofika inaunga mkono hoja yangu. Katika rekodi za enzi zile kazi ya kulinganisha ilifanywa kwa miguu: mwimbaji alisogezwa karibu na kipaza sauti, ala zenye nguvu zikawekwa mbali, na sauti ikasawazishwa kabla ya kuingia kwenye waya. Miksa haikuiondoa kazi hiyo, iliihamishia mezani. Nami nashikilia kwamba nafasi ya kipaza sauti bado inatangulia ikwalaiza. Kukisogeza mbali na dufu kwa hatua mbili kunashinda nobu yoyote. Lakini dufu na msomaji wanapokaa mkeka mmoja, kama mila inavyotaka, hakuna hatua mbili za kusogea, na hapo nobu inakuwa na kazi ambayo miguu haiwezi.

Hadi hapa nimemzungumzia anayesikiliza. Oksi inamhusu anayeimba, na naona imeonewa kuliko ikwalaiza. Fikiria bomba kuu la maji lenye koki kubwa mwishoni, na njiani limetobolewa na kuwekewa vijikoki vinavyopeleka maji kwingine. Feda ni koki kubwa, inayopeleka sauti kwa umati. Nobu ya oksi ni kijikoki: huchukua sehemu ya sauti ya chaneli hiyo na kuipeleka kwenye tundu jingine nyuma ya miksa, ambako huunganishwa spika ndogo ya kumwelekea mwimbaji, yaani monita, au chombo cha mwangwi. Kila chaneli ina kijikoki chake, hivyo fundi anaweza kumpelekea mwimbaji sauti yake nyingi na kinanda kidogo, huku umati ukipata mchanganyiko mwingine kabisa. Swali kubwa ni bomba limetobolewa wapi, kabla ya koki kubwa au baada yake. Miksa nyingi zina swichi ya kuamua hilo, imeandikwa PRE na POST. Nyingine zimeamuliwa kiwandani, na ni wajibu wa fundi kujua yake iko vipi.

Monita ichotwe kabla ya feda. Ikichotwa baada yake, kila fundi anapomshusha msomaji kwa ajili ya umati, msomaji naye anajipoteza masikioni mwake, na binadamu asiyejisikia hupaza sauti bila kukusudia. Daktari Mfaransa Étienne Lombard alichapisha ugunduzi huo mwaka 1911: mtu akizibwa na kelele, huongeza sauti yake pasipo kuamua, na kelele ikiondoka, huishusha. Mwimbaji anayepaza namna hiyo huchoka koo mapema, hutoka kwenye ufunguo, na hukibana kipaza sauti mdomoni, jambo linaloongeza ile besi tuliyokwisha kuikata. Fundi huona sauti imebadilika, akarudi kwenye ikwalaiza kutibu ugonjwa ambao chanzo chake ni oksi. Makosa mengi yanayolaumiwa kwa sauti mbaya ya mwimbaji huanzia hapa. Kwenye kundi kubwa la taarabu jambo hili huwa zito zaidi: ganuni ina sauti nyembamba, akodioni ina sauti nene, fidla ziko kadhaa, na kila mpigaji anahitaji kusikia kitu tofauti. Vikundi vya Zanzibar kama Ikhwani Safaa, iliyoanzishwa mwaka 1905, vilizoea kukaa karibu karibu na kusikilizana kwa masikio matupu. Jukwaa kubwa la tamasha, kama la Sauti za Busara linalofanyika tangu mwaka 2004, huwatawanya wapigaji, na ukaribu walioupoteza hurudishwa kwa oksi. Chole hahitajiki mtu mwenye njia nane za monita. Njia moja, spika moja ndogo iliyowekwa upande wa mgongo wa kipaza sauti ambako hakisikii sana, inatosha msomaji na waitikiaji wake.

Mwangwi unachotwa baada ya feda, kwa sababu iliyo kinyume: sauti ikishushwa, mwangwi wake nao ushuke, la sivyo mwimbaji atakuwa amenyamaza na kivuli chake bado kinaimba. Wazo la kuituma sauti kando, kuipatia mwangwi na kuirudisha ichanganywe na ile asilia limekuwapo angalau tangu miaka ya 1940. Mwaka 1947 Bill Putnam wa Universal Recording mjini Chicago aliirekodi bendi ya The Harmonicats kwa kutumia mwangwi wa bafu. Leo bafu hilo limo ndani ya miksa yenyewe, kitufe kimoja tu, na hapo ndipo balaa lilipoingia. Wapo watakaosema mwangwi ndio utamu wa sauti, na katika wimbo mara nyingi ni kweli, hususan mahali pa wazi pasipo kuta za kuurudisha mlio. Lakini mwangwi hujaza zile nafasi tupu zinazozitenga silabi. Wimbo una irabu ndefu, unauvumilia; hotuba haina, haiuvumilii. Mwenyekiti wa kijiji anapotangaza siku ya chanjo, shehe anapoomba dua, mzee anapotoa wasia kwa maharusi, nobu ya mwangwi kwenye chaneli hiyo irudi sifuri, ipande tena wimbo ukianza. Ni mzunguko wa sekunde moja, na fundi asiyeufanya amewanyima watu tangazo walilokuja kulisikia.

Wengine watajibu kwamba miksa za kidijitali zimelimaliza suala hili: unachagua mpangilio uliohifadhiwa, wa sauti ya mwanamume au ya mwanamke, na mashine inafanya. Mipangilio hiyo inasaidia kuanzia. Haijui upepo unatoka wapi, jenereta limewekwa umbali gani, wala kama msomaji amekishika kipaza sauti mdomoni au kifuani. Masikio ya fundi aliyesimama nyuma ya umati yanajua.

Kwa hiyo ombi langu liende kwa kamati za shughuli, maana wao ndio wanaolipa na ndio wanaopanga saa. Mitambo inapofika kwa chombo cha alasiri na wageni wanaanza kukaa baada ya magharibi, kusiwe na haraka ya kuwasha muziki mara tu nyaya zinapounganishwa. Mpeni fundi nusu saa ya uwanja mtupu, na mleteni msomaji mwenyewe akae mkekani mwake pamoja na dufu zake, asome kama atakavyosoma usiku. Mtu mmoja wa kamati atembee hadi ukingo wa uwanja, mahali watakapoketi watu wa mwisho, na aseme kama anayasikia maneno. Asipoyasikia, mwulizeni fundi kwanza habari za nobu, kabla ya kuagiza spika nyingine kutoka mjini Kilindoni, Mafia kuu.